Kitovu cha mashine ya kusaga: kisubiwe au kichomelewe?



Leo tutazungumza juu ya chuma. Sisi ni mafundi wa karakana. Kazi yetu ni kukereza, yaani kuzungusha kipande cha chuma kwenye mashine na kukikata kwa kisu kigumu mpaka kipate kipimo chake. Tumeombwa tueleze jambo linalosumbua vijiji vingi vyenye mashine ya kusaga. Mashine inakufa. Kipande kinachomelewa. Mashine inasaga wiki chache, inakufa tena. Kina mama wanarudia kubeba debe la mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Fedha ya mradi inakwisha kwa matengenezo. Halafu watu wanaanza kumtazama msimamizi kwa jicho baya, eti amekula fedha. Mara nyingi hajala hata senti. Fedha imeliwa na kipande kimoja cha chuma.

Kipande hicho ni kitovu, ambacho mafundi wengine hukiita habu.

Kitovu ni nini? Ukitaka kukiona, kwanza zima injini na utoe mkanda kabisa. Usifungue kifuniko mkanda ukiwa mahali pake. Ukishafungua, utaona fimbo nene ya chuma imelala katikati. Hiyo ni shafti. Juu ya shafti kuna visahani viwili au zaidi, na kwenye visahani zimening'inia nyundo, vile vibapa vya chuma vinavyopiga mahindi. Kinachoshika visahani hivyo kwenye shafti ndicho kitovu. Nguvu yote ya injini hupita hapo kwenda kwenye nyundo.

Shafti ya mashine ya namna hii huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Mliojifunza hesabu, tufanye pamoja. Dakika 60 mara 3,000 ni 180,000. Hayo ni mazunguko ya saa moja. Kama mashine inasaga saa 6 kwa siku, mazunguko ni 1,080,000. Zaidi ya milioni moja kwa siku moja! Na wakati wote huo mkanda unaivuta shafti upande mmoja. Kwa hiyo, kila shafti inapozunguka mara moja, kila upande wake unavutwa kidogo, halafu unabanwa kidogo. Chukua waya, uupinde huku na huku. Hukuutia nguvu nyingi, lakini baada ya muda umekatika. Chuma nacho huchoka namna hiyohiyo, na huchoka upesi zaidi mahali penye kona kali au kovu.

Tufanye hesabu nyingine. Kama duara la nyundo lina upana wa sentimita 40, ncha ya nyundo hukimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Basi la abiria likienda 80 tunasema linakwenda mbio. Sasa fikirini kisahani kinang'oka kwa mwendo huo, na mama amesimama karibu na mdomo wa mashine ameshika ungo. Ndiyo maana hatupendi kulichukulia jambo hili kama la fedha peke yake.

Basi, kwa nini kitovu kilichochomelewa kinavunjika?

Fundi wa kuchomelea huyeyusha kijiti cha chuma kwa moto wa umeme, na kile chuma cha moto hushikanisha vipande viwili. Ni kazi nzuri na ya haraka. Lakini chuma kikipoa husinyaa. Mnajua ngozi mbichi ikiwambwa kwenye ngoma: ikikauka inavuta, na mbao zikiwa dhaifu zinapinda. Mshono wa kuchomelea unavuta vilevile. Kisahani kilichokuwa kimenyooka kinalala upande kidogo. Huwezi kukiona kwa macho, lakini beringi zinakiona. Mashine inatetemeka, beringi zinapata moto, na katika miezi michache umenunua beringi mara mbili.

Hilo ni la kwanza, nalo ni dogo. Kubwa ni hili. Shafti nyingi hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni zaidi kidogo kuliko nondo za kawaida. Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu. Chuma cha namna hii kikipata moto mkali mahali pamoja, halafu kikapoa ghafla kwa sababu chuma baridi kilicho pembeni kimefyonza moto wote, mahali pale panakuwa kama wembe: pagumu, lakini panavunjika. Na mahali hapo ni wapi? Ni kando ya mshono, palepale penye kona ambapo shafti inapinda mara milioni kwa siku. Ufa unaanza hapo, mdogo kuliko unywele. Fundi anakuja, anaona ufa, anaujaza kwa kuchomelea tena. Anaongeza moto mwingine na kando nyingine iliyo kama wembe. Kwa hiyo shafti iliyochomelewa mara ya tatu haiwi na nguvu kuliko ile ya mara ya kwanza. Inakuwa dhaifu zaidi.

Tusieleweke vibaya. Hatuwachukii mafundi wa kuchomelea, maana wengine ni ndugu zetu na tunakula nao. Kiti cha injini, fremu ya trela, tangi la maji, mlango wa ghala, hivyo vyote ni kazi ya kuchomelea, na kuvisubu kungekuwa kupoteza fedha na chuma. Tunachosema ni kwamba kitovu kinachozunguka si mlango wa ghala.

Hata mataifa makubwa yamejifunza jambo hili kwa hasara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijenga meli nyingi sana kwa haraka, na bamba zake zilichomelewa badala ya kupigwa ribiti kama zamani. Tarehe 16 Januari 1943, meli moja ya mafuta iitwayo Schenectady, mpya kabisa, ilipasuka katikati ikiwa imefungwa gatini huko Portland. Haikuwa safarini. Maji yalikuwa yametulia. Wataalamu walichunguza ajali za namna hiyo, wakaona mambo kadhaa kwa pamoja: chuma cha siku zile kilikuwa kikivunjika kwenye baridi, mishono mingine ilikuwa mibaya, na kulikuwa na kona kali ambapo ufa ulianzia. Tena, bamba zikiwa zimeshikana kwa mshono, ufa hauna pa kusimama, unapita bamba hadi bamba. Je, waliacha kuchomelea? Hapana. Walitafuta chuma bora zaidi, wakaviringa kona, wakawafundisha mafundi. Leo meli zinachomelewa, nazo zinakwenda salama.

Sasa tuje kwenye kusubu. Kusubu ni kuyeyusha chuma mpaka kiwe kama maji, kisha kukimimina ndani ya kalibu. Kalibu ni umbo la mchanga lenye nafasi tupu katikati. Wazee wetu walijua sana chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, na Buhaya nako watu waliyeyusha mawe ya chuma tangu zamani mno. Lakini matanuru yale yalitoa bonge la chuma lililokuwa laini kwa moto, na bonge lile lilifuliwa kwa nyundo mpaka likawa jembe au mkuki. Halikumiminwa. Kumimina chuma cha pua kunataka joto la nyuzi 1,500 hivi, yaani mara 15 ya joto la maji yanayochemka. Kwa hiyo msidanganywe na mtu anayesema atawasubia kitovu cha chuma cha pua kwa mkaa nyuma ya nyumba yake. Hapo atasubu aluminiamu, na ni vizuri kwa sufuria.

Kuna aina nyingine ya chuma cha kusubu ambayo mafundi huiita kasti. Hiki mnakijua. Ndicho chuma cha cherehani ya zamani na cha blok ya injini nyingi. Kasti ina kaboni nyingi: katika kilo 100 kuna kilo 2 mpaka 4 za kaboni. Inayeyuka upesi, kama nyuzi 1,200 tu, na inakatika vizuri kwenye mashine. Lakini ukiipiga, inavunjika kama chungu. Chuma cha pua kinachosubiwa kwa vipande vya mashine huwa na kaboni kidogo tu, kama robo kilo katika kilo 100. Kikipigwa kinapinda kwanza kabla hakijavunjika. Katika mashine inayozunguka kwa kasi, tofauti hiyo ni kubwa sana. Tazameni mabehewa ya treni. Kile kiungo kama ngumi mbili zinazoshikana, cha aina ambayo Eli Janney wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1873, siku hizi husubiwa kwa chuma cha pua. Kinavuta mzigo wa treni nzima, kinagongwa kila siku, na bado kinashika.

Kazi inaanza kwa seremala. Yeye anachonga mfano wa kitovu kwa mti. Mfano huo ni lazima uwe mkubwa kidogo kuliko kitovu chenyewe, kwa sababu chuma cha pua kikipoa hupungua kama sentimita 2 katika kila mita. Kitovu cha sentimita 20 kitapungua milimita 4. Halafu anaongeza milimita 3 mpaka 6 mahali patakapokerezwa. Kona zote za ndani anaziviringa. Hapo ndipo uzuri wa kusubu ulipo: kona hailazimiki kuwa kali, na kitovu pamoja na kisahani chake vinakuwa kitu kimoja, bila mshono katikati.

Mfano unabanwa ndani ya mchanga, unatolewa, nafasi inabaki. Juu ya nafasi hiyo fundi anaacha shimo la chuma cha akiba. Kwa nini? Yeyusha mshumaa kwenye kopo, uache upoe. Katikati unabonyea. Chuma nacho hubonyea, na kama hakuna akiba ya kujazia, tundu linabaki ndani ya kitovu, mahali usipoliona. Akiba hiyo hukatwa baadaye. Mtu asiyejua akiona bonge lile linakatwa atasema chuma kinapotea. Hakipotei, kinayeyushwa tena.

Kikitoka mchangani, kitovu hakifai bado. Kimepoa vibaya, pengine upesi, pengine polepole, na ndani yake kuna mvutano kama ule wa mshono. Ni lazima kirudishwe kwenye tanuru, kipashwe moto mpaka nyuzi 900 hivi, kisha kiachwe kipoe bila kumwagiwa maji. Ulizeni sana jambo hili! Kuna wanaoliruka ili kuokoa mafuta au umeme. Kitovu kisichopashwa moto kinaweza kuwa kibaya kuliko kilichochomelewa vizuri.

Ndipo kinaletwa kwetu.

Ngozi ya nje ya kipande kilichosubiwa ina mchanga ulioungua. Ni ngumu na inaua kisu. Kwa hiyo, mkato wa kwanza hatuparuzi juujuu, tunaingiza kisu chini ya ngozi ile mara moja. Mwendo hauwi wa kasi. Kwa kisu cha kawaida cha chuma kigumu, kama mita 20 kwa dakika zinatosha. Kitovu cha upana wa sentimita 20 kina mzingo wa sentimita 63 hivi. Gawanya sentimita 2,000 kwa 63, unapata karibu 32. Basi mashine izunguke mara 32 kwa dakika, si zaidi. Kijana mwenye haraka ataona mwendo huo ni wa kinyonga. Mwache aongeze, atanoa kisu kutwa nzima.

Tundu la shafti na uso wa kisahani tunavikereza bila kukifungua kipande kutoka kwenye mashine. Ukikifungua na kukifunga tena, kimehama, na kisahani kitalala upande kama kile cha kuchomelea, na fedha yenu imekwenda bure. Tundu tunalipima kwa sehemu za mia moja za milimita. Unywele wa kichwani una unene wa kama sehemu 5 mpaka 10 za namna hiyo. Mwisho tunachimba mfereji mdogo wa kabari ya mraba, ambayo mafundi huiita kii. Kii ndiyo inayozuia kitovu kisizunguke peke yake juu ya shafti. Hakuna moto wowote unaogusa shafti. Siku shafti ikilika, mnachomoa kitovu na kukivisha shafti mpya.

Sasa bei, maana tunajua ndilo swali. Kitovu kimoja cha kusubu ni ghali kuliko kimoja cha kuchomelea. Hatutawaficha. Sababu moja kubwa ni ule mfano wa mti. Tufanye hesabu, na tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, si bei ya sokoni. Tuseme mfano unagharimu shilingi 60,000. Kijiji kimoja kikiagiza kitovu kimoja, shilingi 60,000 zote zinakaa juu ya kitovu hicho. Vijiji 20 vikiagiza pamoja, kila kimoja kinachukua shilingi 3,000. Mfano ni uleule. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, katibu wenu aandike barua kwa vijiji jirani na aulize: mna mashine ya aina gani, na shafti yenu ina upana gani? Shafti zikitofautiana kidogo si neno, kwa sababu tundu tunalikereza sisi, na mfano mmoja unatosha.

Kama hampati wenzenu, na mnataka kimoja tu, tunawashauri msisubu. Nunueni bonge la chuma cha pua la duara, tukereze kitovu kutoka humo. Chuma kingi kitaishia chini kama takataka za randa, lakini kwa kitovu kimoja bado ni nafuu. Na kama hamna budi kuchomelea, mwambieni fundi achomelee kisahani kwenye kitovu, asiguse shafti kabisa. Vijiti vyake viwe vikavu. Kazi ikiisha, kipande kipashwe moto nyuzi 600 hivi na kupoa polepole ili mvutano upungue, na kukereza kuje mwisho. Wengine hukereza kwanza ndipo wakachomelea, na kipimo chote kinapotea kwa mvutano wa mshono.

Jambo moja la kuandikiana. Kipande kilichosubiwa kinaweza kuwa na tundu la hewa ndani, na tundu hilo mara nyingi linaonekana tukiwa tumekwisha kereza nusu. Nani atalipa? Andikeni kabla: tundu likionekana, msubu atoe kipande kingine, na kazi ya kukereza iliyopotea mkubaliane mapema ni ya nani. Neno la mdomo halitoshi. Mmejifunza kusoma na kuandika, basi karatasi hiyo isomwe mkutanoni kabla ya kutiwa sahihi.

Mtajuaje kama mmeuziwa chuma cha pua au kasti? Mwombeni fundi apige tindo pembeni, mahali pasipo na kazi. Chuma cha pua kinatoa kipande kinachojikunja. Kasti inatoa punje punje. Kwenye jiwe la kunoa, cheche za chuma cha pua ni ndefu na zinang'aa, cheche za kasti ni fupi na nyekundu iliyofifia. Jambo hili lilisumbua hata wakubwa. Mwaka 1855, katika maonyesho ya Paris, Jacob Mayer wa Bochum, Ujerumani, alileta kengele zilizosubiwa kwa chuma cha pua. Mwenye kiwanda mwenzake, Alfred Krupp, akasema si kweli, hiyo ni kasti. Basi kengele moja ikavunjwa, na vipande vikatiwa motoni na kufuliwa kwa nyundo. Kasti isingefulika, ingesambaratika. Vipande vile vilifulika.

Kutafuta ufa nako si kazi ngumu. Safisheni kitovu, mpake mafuta ya taa, msubiri kidogo, mfute mpaka kikauke. Kisha mpake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Fanyeni hivyo kila mnapobadilisha nyundo, na mbali na moto.

Kabla hatujasimama hapa, mama mmoja alituuliza pembeni: kitovu kilichovunjika tukiuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu? Mama, usikiuze kwanza, na usikubali kichomelewe haraka ili kuficha. Kifunge kwenye gunia, ukilete. Usikisugue wala kukipaka rangi. Tutatazama uso wa mvunjiko. Sehemu yenye kutu na weusi ni ufa wa zamani, uliokuwapo siku nyingi huku mnaendelea kusaga. Sehemu inayong'aa ni ile iliyokatika siku ya mwisho. Kama sehemu ya zamani inaanzia kando ya mshono, tutajua ni moto. Kama inaanzia kwenye tundu la hewa, tutajua ni kalibu, na karatasi yenu ya makubaliano itafunguliwa. Njoo nacho siku ya mnada, siku hiyo karakana huwa wazi tangu saa moja asubuhi.